Utamu Usiooza
Mhadhara wa wazi uliotolewa Morogoro kuhusu sukari bandia, miili yetu na maji yetu



Kuzungumzia sukari bandia katika mkoa huu wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa kunataka ujasiri kidogo. Humu ndani wamo watu waliosomeshwa na miwa, na wamo wanaoendelea kusomesha watoto kwa miwa. Waandaaji waliponialika walinipa swali moja tu: je, sukari bandia inaleta saratani? Nitalijibu, kwa sababu ndilo lililowatoa nyumbani. Lakini mimi ni mkemia wa maji, si daktari wa binadamu, kwa hiyo naomba radhi mapema kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itafanyika chooni na mtoni.

Hoja yangu naiweka wazi tangu sasa. Sukari bandia nyingi zinapendwa kwa sababu moja: ulimi unazihisi, lakini mwili hauna la kuzifanya. Zinaingia, zinapita, zinatoka zilivyo. Mgonjwa wa kisukari anafurahi, mwenye kitambi anafurahi, mwenye kiwanda ndiye anafurahi zaidi. Sasa kitu kilichoshinda tumbo la binadamu, lenye asidi na mabilioni ya bakteria, kwa nini tutegemee kwamba kikifika mtoni kitaoza chenyewe?

Tuanze na historia, maana ina vichekesho. Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi na vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe, katika maabara ya Profesa Ira Remsen. Jioni akakaa mezani kula bila kunawa vizuri, na mkate ukawa mtamu ajabu. Akarudi maabara kuonja chombo kimoja baada ya kingine mpaka akaupata mzizi wa ule utamu. Ndiyo sakarini hiyo, tamu takriban mara 300 kuliko sukari. Mwaka 1937 mwanafunzi Michael Sveda wa Chuo Kikuu cha Illinois aliweka sigara yake juu ya meza ya maabara, akairudisha mdomoni, akakuta ni tamu, ikazaliwa saiklamati. Mwaka 1965 James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, alilamba kidole ili afunue karatasi; ikazaliwa aspatemu. Na mwaka 1976, jijini London, Shashikant Phadnis aliambiwa na mkuu wake akipime kitu fulani, yeye akasikia ameambiwa akionje. Akaonja. Hiyo ndiyo sukralosi, tamu takriban mara 600 kuliko sukari. Kwa wanafunzi wa kemia waliomo humu: hawa walikuwa na bahati. Ninyi msilambe vidole.

Sakarini haikupata umaarufu kwa sababu za afya. Ilipata umaarufu kwa bei. Ulaya ya miaka ile, wakulima wa viazisukari na wenye viwanda vyao waliona biashara yao inaliwa, wakazibana serikali. Ujerumani ikapitisha sheria mwaka 1902 kwamba sakarini iuzwe famasi tu. Uswisi haikuzuia. Basi kukawa na magendo ya sakarini kutoka Uswisi kuingia Ujerumani na Austria, watu wakiificha katika nguo na mizigo. Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia na sukari ikaadimika, serikali zilezile zilizokuwa zikiwakamata watu zikairuhusu. Ninyi mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uvunaji wa miwa na bei ya sukari ikapaa nchini kote. Kila sukari inapopanda, kuna mtu mahali fulani anafungua pakiti ya unga mweupe usio sukari, na wala hamwambii mteja wake.

Sasa saratani. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Kanada waliwalisha panya sakarini kwa wingi, na panya dume wakapata uvimbe wa kibofu. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikataka kuipiga marufuku. Wananchi wakaja juu, hasa wenye kisukari, kwa sababu wakati huo saiklamati ilikuwa imeshapigwa marufuku kule tangu 1969 na sakarini ndiyo pekee iliyobaki. Bunge likaamua iendelee kuuzwa ikiwa na onyo kwenye pakiti. Baadaye ikafahamika kilichotokea: mkojo wa panya dume una protini nyingi na hali ya kikemia ambayo, ikikutana na dozi kubwa ya sakarini, hutengeneza chembechembe ngumu zinazokwaruza kibofu hadi kinaota uvimbe. Mkojo wetu haufanyi hivyo. Mwaka 2000 onyo likaondolewa.

Kuhusu aspatemu, kelele ni za karibuni zaidi. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaloitwa IARC, liliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Simu zikawaka moto, picha za chupa za soda zenye msalaba mwekundu zikasambaa. Katika kundi hilohilo la 2B limo dondoo la jani zima la mshubiri, ambao wengi wenu mmeupanda nyuma ya nyumba. Na kunywa kinywaji cha moto kupita nyuzi 65 kumo kundi la juu yake, 2A, kwa sababu ya saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki unaujua vizuri mno. Kwa hiyo mzee anayemkataza mjukuu soda isiyo na sukari huku yeye akimimina koo chai inayotokota, angeanza na kikombe chake.

Makundi ya IARC hayasemi hatari ni kubwa kiasi gani. Yanasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Kiasi kinapimwa na kamati nyingine ya kimataifa ya viongezi vya chakula, JECFA, na kamati hiyo mwaka uleule wa 2023 iliacha kiwango kinachokubalika cha aspatemu palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kopo moja la soda isiyo na sukari lina kama miligramu 200 hadi 300. Mtu wa kilo 60 anahitaji makopo 8 hadi 12 kila siku ndipo afikie kiwango hicho. Mtoto wa kilo 15 anafikia kwa makopo mawili au matatu. Hiyo hesabu ya mtoto sikuiona katika picha zilizosambaa.

Na wakati watu wanagombana kuhusu aspatemu, nyingine iko mkononi mwa mtoto. Kiwango cha JECFA cha sakarini ni miligramu 5 tu kwa kilo. Ulaya walikipandisha kwao hadi 9 mwaka 2024, lakini tubaki na kile cha kimataifa. Mtoto wa kilo 15: miligramu 75. Zidisheni kwa utamu wa mara 300, mnapata utamu wa vijiko vitano hivi vya sukari. Basi. Mtoto anayelamba barafu za rangi za mfuko mbili tatu na kuongeza juisi ya unga mchana, kama vyote vimekolezwa kwa sakarini tupu, anaufikia mpaka huo kabla ya magharibi. Simlaumu mama anayeuza barafu kwenye genge lake. Lakini kijiko kimoja cha chai cha sakarini kina utamu wa zaidi ya kilo moja ya sukari, na yeye anapima kwa jicho. Kiwandani kuna mizani inayosoma miligramu. Uani kuna kijiko, ndoo na mwiko. Kupitisha kiwango si sumu ya papo hapo, nisieleweke vibaya. Viwango hivi vimewekwa na nafasi kubwa ya usalama ndani yake. Ila ni jambo la ajabu kwamba soda yenye maabara nyuma yake ndiyo inayoogopwa, na unga usio na jina hauogopwi na mtu.

Tukiacha saratani, kuna swali ambalo kwangu ni zito zaidi. Je, sukari bandia inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, yaani kupunguza uzito na kukinga kisukari? Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha watu wanapungua kidogo. Tafiti za miaka mingi zilionyesha kinyume: watumiaji walikuwa na kisukari zaidi na maradhi ya moyo zaidi. Hapa panahitaji utulivu. Nani anakimbilia soda isiyo na sukari? Ni yule ambaye tayari uzito umempanda au daktari amemtisha. Kwa hiyo huenda ugonjwa ndio uliomleta kwenye kinywaji, wala si kinywaji kilichomletea ugonjwa. Ndiyo maana shirika lenyewe lilisema ushauri wake una masharti, na likawaweka kando wale ambao tayari wana kisukari.

Kuhusu hawa wenye kisukari, naomba mtu asitoke humu akaenda kumnyang'anya bibi yake vidonge vya chai. Kidonge kile hakipandishi sukari ya damu kama sukari inavyofanya, na kwa mtu aliyezoea utamu ni msaada wa kweli. Tatizo ni kile kinachosindikiza chai. Nimekaa misibani nikawaona wazee wenzangu wakidondosha kidonge kimoja kwa uangalifu wote, kisha maandazi manne yakafuata, na baada ya saa moja sinia la pilau. Wanga wa pilau hausomi pakiti ya sakarini.

Yapo pia mambo mapya ambayo sayansi bado inayatafuna. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha mwaka 2014 kwamba sakarini inaweza kubadili bakteria wa utumbo, na mwaka 2022 wakawapima watu 120: sakarini na sukralosi zilibadili jinsi baadhi yao walivyopokea sukari ya kawaida. Baadhi, si wote. Kwa hiyo ile kauli niliyoanza nayo, kwamba mwili hauna la kuzifanya, ni kweli kwa chembe za mwili wenyewe; wapangaji wetu wa utumboni wana maoni yao. Na kwa anayependa kupika: sukralosi ikipashwa kupita nyuzi 120 hivi inaweza kuanza kutoa misombo ya klorini isiyofaa, jambo ambalo taasisi ya tathmini ya hatari ya Ujerumani ilitahadharisha mwaka 2019. Ya kukorogea uji uliopoa, haya. Ya kukaangia kalimati, hapana.

Sasa twende chooni kama nilivyoahidi.

Aspatemu ukiila, utumbo unaivunja kuwa vipande vilevile vilivyomo katika maharage na maziwa, pamoja na methanoli kidogo kama ile ya juisi ya matunda. (Wachache waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria hawapaswi kuigusa, na ndiyo sababu ya lile onyo dogo kwenye chupa.) Inaishia mwilini, haifiki mtoni. Sakarini inatoka kwa mkojo ilivyo. Asesulfamu, iliyogunduliwa Ujerumani mwaka 1967 na ambayo viwanda hupenda kuichanganya na nyingine, nayo inatoka kwa mkojo ilivyo. Sukralosi ni molekuli ya sukari iliyopachikwa atomi tatu za klorini, na karibu asilimia 85 yake inapita hadi kwenye kinyesi bila kuguswa. Mnaona kichekesho? Ile iliyotukanwa kuliko zote ndiyo inayoyasumbua maji kidogo kuliko zote. Asesulfamu na sukralosi, zinazosifiwa kwa kupita kimya, ndizo zinazobaki.

Zinabaki wapi? Mwaka 2009 watafiti wa Uswisi walikuta asesulfamu katika maziwa yao, katika maji ya chini ya ardhi, hata katika maji ya bomba. Kanada waliikuta katika mto Grand wa Ontario na katika mabomba ya miji inayokunywa mto huo. Sukralosi ilikutwa katika mito ya Sweden na kisha katika nchi nyingine nyingi za Ulaya. Hizi ni nchi zenye mitambo ya kusafisha majitaka ambayo sisi tunaiona kwenye picha. Mtambo unapunguza vijidudu vya magonjwa, unachuja tope, na sukralosi inapita katikati kama mgeni rasmi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walifanya jambo la kufurahisha zaidi: walipima asesulfamu katika mabwawa ya kuogelea ili wajue watu wanakojoa kiasi gani majini. Katika bwawa moja la lita 830,000 walikadiria lita 75 za mkojo. Nawaachia wanaokwenda hotelini Jumapili.

Kiasi chenyewe mitoni ni kidogo: mara nyingi ni gramu moja, au chini yake, ndani ya lita milioni moja za maji. Kwa kiasi hicho hakuna binadamu atakayeugua. Kuhusu viumbe wadogo sina utulivu huo. Watafiti wa Stockholm waliwaweka viroboto wa maji, wale wadudu wadogo wanaoliwa na vifaranga vya samaki, katika maji yenye sukralosi, wakaona mwendo wao wa kuogelea unabadilika. Hawakufa. Waliogelea vingine. Kwa mdudu ambaye maisha yake yote ni kumkwepa samaki, kuogelea vingine si jambo dogo.

Lakini hofu ya samaki siyo iliyonileta. Nimekuja kwa sababu kitu kisichooza na kinachotoka kwa binadamu peke yake ni shahidi mzuri kuliko wote. Ng'ombe hanywi soda. Mbolea ya mahindi haina asesulfamu. Ukiikuta kisimani, umekuta mkojo wa mtu, hata kama maji ni meupe kama machozi. Wenzetu wa Ulaya na Kanada wameshaigeuza kuwa kifaa cha kutafutia mifereji inayovuja na makaro yanayotiririkia kwenye visima.

Fikirini mji huu. Nyumba nyingi zina choo cha shimo au karo, na hatua chache kutoka hapo pana kisima. Mto Morogoro unashuka kutoka Uluguru, unapita mjini, unaingia Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam na Pwani. Tunachokunywa hapa jioni kina safari ndefu mbele yake, na ndugu zetu wa kule chini ndio mwisho wa mstari. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina makao yake katika mji huuhuu. Kuongeza asesulfamu na sukralosi katika orodha ya vitu vinavyopimwa Ngerengere, juu ya mji na chini ya mji, masika na kiangazi, kungetuambia mambo kuhusu vyoo vyetu ambayo kipimo cha bakteria hakiwezi kutuambia, kwa sababu bakteria hufa njiani na sukari hii haifi.

Au tuseme ilikuwa haifi. Kuanzia miaka ya 2010, mitambo ya majitaka ya Ujerumani ilianza kuonyesha jambo lisilotarajiwa: asesulfamu iliyokuwa ikipita salama ikaanza kupungua, na katika baadhi ya mitambo kupungua sana. Bakteria walikuwa wamejifunza kuila. Iliwachukua miongo kadhaa ya kulishwa kitu hicho kila siku. Mimi kama mkemia nafurahi. Kama mtu anayetaka kuitumia kuwa shahidi, nasikitika kidogo. Na sukralosi, yenye klorini zake tatu, bado imewagomea.

Wapo watakaosema: basi turudi kwenye miwa, tuache mambo ya maabara. Hapa ndipo ninapohitaji ulinzi wa Mwenyekiti. Muwa unakunywa maji mengi kuliko mazao mengi mnayoyajua, mashamba yanachomwa kabla ya kuvunwa na majivu yanatua kwenye nguo zilizoanikwa, na maji ya kiwandani yakiachiwa mtoni yanawamalizia samaki hewa. Sukari inaoza, ndiyo, na kuoza kwake mtoni ndiko kunakoua. Sitamwambia mtu kwamba sukari ni safi kwa sababu ni yetu. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ibaki chini ya 5, ambayo ni kama gramu 25. Kwa unywaji wetu wa chai, gramu 25 zinaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Wengine wananiuliza kuhusu stevia. Ni jani la Paraguay ambalo Waguarani walilitumia kwa karne nyingi, na wakulima wa Kericho, Kenya, wameshalilima kwa biashara. Afrika Magharibi nako kuna tunda la katemfe, linalotoa taumatini, protini tamu mara elfu mbili na zaidi kuliko sukari. Ni mazao mazuri kwa mkulima. Ila ule unga mweupe wa pakiti umeshapita kiwandani, ukasafishwa na mara nyingi ukachanganywa na vingine, kwa hiyo picha ya jani kwenye boksi isiwalaze usingizi.

Kilichobaki ni cha nyumbani. Zungusheni chupa, someni maandishi madogo. Majina yameandikwa kwa Kiingereza cha maabara, lakini namba ni za wote: 950 ni asesulfamu, 951 aspatemu, 952 saiklamati, 954 sakarini, 955 sukralosi, 960 stevia. Mtashangaa kuzikuta kwenye vinywaji ambavyo havidai popote kwamba havina sukari. Afrika Kusini ilipoanza kutoza kodi ya sukari katika vinywaji mwaka 2018, na Uingereza mwaka huohuo, viwanda vilipunguza sukari na kujaza pengo kwa hizi namba. Nia ya kodi ilikuwa njema na sukari kweli ilipungua. Mnywaji, ambaye utamu ulikuwa uleule, hakuulizwa.

Kodi ya namna hiyo ikija kwetu kwa nguvu, ningependa ije na masharti mawili: jina la kitamu liandikwe kwa Kiswahili mbele ya pakiti pamoja na kiasi chake kwa miligramu, na unga wa sakarini unaouzwa kwa kupimwa sokoni upewe kijiko chake maalumu ndani ya kila pakiti, kwa ajili ya yule mama wa barafu. Kijiko hicho ni cha shilingi chache. Ndugu Mwenyekiti, napokea maswali, nikianza na mzee yule wa mstari wa pili ambaye tangu nilipotaja maandazi ameinua mkono.